Zamu za Moto Katika Injini

Katika upande wetu huu wa Likoni, toka kivukoni hata ufike Shelly Beach, kuna neno moja ambalo watu hulisema upesi mno, nalo ni hili: "Injini imekufa." Motokaa ikikohoa, imekufa. Ikitikisika kama mtu mwenye homa, imekufa. Ikikataa kupanda kutoka katika feri asubuhi, na nyuma yake pana umati wa watu waendao kazini, imekufa, tena kwa matusi. Walakini mimi nimeona kwa macho yangu injini iliyotangazwa maiti na mafundi wawili, nayo haikuwa na ugonjwa wo wote ndani yake. Silinda zake zote nne zilikuwa nzima, bali mbili kati ya hizo zilikuwa zikipewa moto wakati usio wao.

Jambo hili nataka kulieleza kwa kirefu kidogo, maana magari ya mizigo na ya abiria tunayoyatumia hapa ni ya namna nyingi, na kila namna ina kawaida yake. Zipo Toyota HiAce zinazofanya kazi ya matatu, zipo Nissan, zipo pick-up za Peugeot zilizobaki kwa watu wenye moyo wa kutunza, na mara moja moja hupita Kombi ya Volkswagen ambayo utaisikia kabla hujaiona. Mwenye gari hujua bei ya tairi na bei ya petroli. Ni wachache wajuao jinsi moto unavyogawanywa ndani ya injini, nao wasiojua ndio walipao zaidi.

Nianze na kinu. Msomaji aliyekulia shamba amewaona wanawake watatu au wanne wakitwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja ana mchi wake na kila mmoja ana zamu yake. Mchi huu ukishuka, ule unapanda, na kinu hakikai kimya hata kidogo. Mmoja akishusha mchi wake katika zamu ya mwenzake, michi hugongana, nafaka humwagika, na pengine mtu huumia kidole. Nguvu za wale wanawake hazikupungua. Kilichoharibika ni zamu tu. Injini ya silinda nne ni kinu cha namna hiyo. Pistoni nne zinausukuma mhimili mmoja, yaani kranki, nazo haziusukumi kwa pamoja bali kwa kupokezana.

Kila pistoni ina kazi nne, nazo hufuatana daima: kwanza huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, pili huikandamiza, tatu hewa ile huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu, nne moshi hutolewa nje. Kazi hizo nne huchukua mizunguko miwili ya kranki. Kwa kuwa silinda ni nne, na kila moja huwaka mara moja katika mizunguko hiyo miwili, basi katika kila nusu ya mzunguko iko silinda moja inayowaka. Ndiyo sababu injini nzima huunguruma sawasawa. Ukisikia pengo katika mngurumo ule, jua kwamba kuna mtwangaji mmoja asiyeshusha mchi.

Sasa mtu atauliza: kwa nini zisiwake kwa hesabu ya kawaida, moja, mbili, tatu, nne? Swali hili ni zuri, na jibu lake limo katika umbo la kranki. Katika injini ambayo silinda zake zimesimama mstari mmoja, kranki imekunjwa hivi kwamba pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja na kushuka pamoja, na ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Watengenezaji walifanya hivyo ili uzito wa mbele ulingane na uzito wa nyuma, injini isirukeruke. Basi ikiwa silinda ya kwanza imewaka na pistoni yake imeshuka, zilizo juu wakati ule ni ya pili na ya tatu. Lazima mojawapo ya hizo mbili ndiyo iwake. Baada yake ni zamu ya wale wawili wa mwisho, na kwa kuwa ya kwanza imekwisha kuwaka, inabaki ya nne. Kisha ndipo huja ile iliyosalia katikati. Kwa hiyo njia ni mbili tu, wala hakuna ya tatu: ama 1-3-4-2, ama 1-2-4-3. Mtengenezaji huchagua moja, kisha huuchonga mhimili wa kufungulia valvu, yaani kamshafti, kufuatana na chaguo lake.

Wengi walichagua ile ya kwanza. Toyota HiAce za petroli na za dizeli zilizojaa hapa kwetu ni 1-3-4-2. Land Rover za zamani zenye silinda nne ni hivyo hivyo, na Peugeot 404 na 504 pia. Lakini Ford Anglia ya 1959, na Ford Escort zilizoifuata zenye injini ya jamii ile ile, zilikuwa 1-2-4-3. Fundi aliyezoea HiAce akiifunga Anglia kwa mazoea yake, silinda ya kwanza na ya nne zitapata moto wao barabara, na zile mbili za kati zitabadilishana. Gari litawaka kwa shida, litatetemeka, na wenyewe watasema imekufa.

Hapa pana jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Namba ya silinda ni jina la mahali. Zamu ni jina la wakati. Watu huvichanganya vitu hivi viwili, wakadhani kwamba aliyejua kimoja amejua na cha pili. Hata hilo jina la mahali lenyewe halihesabiwi kwa namna moja duniani kote. Wajapani na Waingereza kwa kawaida huhesabu kuanzia mbele, upande wa feni na mikanda. Peugeot hizo nilizozitaja huhesabiwa kuanzia nyuma, upande wa lile gurudumu zito liitwalo flaiwili. Kwa hiyo silinda ambayo kijana wa Likoni anaiita ya kwanza, mwenye kitabu cha Kifaransa anaiita ya nne.

Je, gari litakataa kuwaka kwa sababu hiyo? Hapa ndipo palipo na mchezo mzuri wa hesabu. Geuza namba za 1-3-4-2, moja iwe nne, tatu iwe mbili, nawe utapata 4-2-1-3. Sasa isome ukianzia kwenye moja: 1-3-4-2. Zamu ni ile ile! Ndiyo maana mafundi wengi waliifunga Peugeot miaka na miaka wakihesabu kutoka mbele, wala hawakupata taabu. Taabu huja pale tu fundi anapochukua alama ya kitabu kwa silinda ya kwanza ya nyuma, kisha akapanga waya kwa kuhesabu kutoka mbele. Hapo cheche zote nne huja mzunguko mmoja mzima kabla au baada ya wakati wake, na injini haiwaki hata ukiivuta kwa lori. Dawa yake ni kuzisogeza waya zote nafasi mbili katika kofia ya distributa, kazi ya dakika tano.

Injini zenye silinda sita mstari mmoja nitazipitia haraka, maana hapa huzioni sana ila katika Land Cruiser. Ile ya petroli ya zamani, aina ya 2F, huwaka 1-5-3-6-2-4. Ile ya dizeli, aina ya 1HZ, huwaka 1-4-2-6-3-5. Ukiisoma moja kinyumenyume unaipata ya pili. Mwenye kupenda mafumbo na ajifurahishe nayo.

Kombi ni habari nyingine kabisa. Gari hilo lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, likiwa na injini ndogo ya nguvu za farasi 25, nayo ikawekwa nyuma badala ya mbele. Silinda zake hazikusimama, zimelala: mbili upande wa kulia, mbili upande wa kushoto, na kranki katikati. Pistoni zinazotazamana hutoka nje pamoja na kuingia ndani pamoja, kama mabondia wawili wanaogonganisha ngumi. Haina maji ya kupozea. Hupozwa kwa upepo wa feni. Injini ya jamii hiyo ndiyo iliyokuwa katika Volkswagen ndogo ya Tommy Fjastad iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1962, kwa hiyo asije mtu akaidharau kwa sababu ya kelele zake.

Simama nyuma ya Kombi, ufungue mlango mdogo wa injini na kutazama mbele ya gari. Silinda ya kwanza iko kulia, mbali nawe. Ya pili iko kulia, karibu nawe. Ya tatu iko kushoto, mbali. Ya nne iko kushoto, karibu. Zamu zake ni 1-4-3-2, na rota ndani ya distributa huzunguka kama mishale ya saa. Maana yake ni kwamba ukiitazama kofia ya distributa na kuhesabu kinyume cha saa, utasoma moja, mbili, tatu, nne kwa utaratibu. Sijui hila nyepesi ya kukumbuka kuliko hiyo. Tena katika ukingo wa distributa ile kuna mkato mdogo wa kuonyesha mahali pa silinda ya kwanza, ingawa mara nyingi umefunikwa na uchafu, nao wataka kufutwa kwa kitambaa kabla haujaonekana.

Asidhani mtu kwamba injini zote zilizolala zina zamu hizo. Subaru nazo zimelala, silinda mbili huku na mbili huku, lakini zamu zake ni 1-3-2-4, kwa kuwa waliozitengeneza walizipa namba kwa mpango mwingine: moja na tatu kulia, mbili na nne kushoto. Ndilo jambo nililosema, kwamba mahali ni mahali na wakati ni wakati.

Sasa nije kwa maiti yetu. Shangazi yangu anakaa karibu na Shelly Beach. Ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa akichukua watalii kwa Kombi, na alipofariki hakuacha shamba wala nyumba ya kupangisha, aliacha Kombi hiyo. Shangazi akampa kijana aiendeshe kwa kubeba samaki wa wavuvi mpaka sokoni, na jioni kubeba maji, na siku za Jumamosi kubeba watu wa harusi. Kwa fedha hizo wajukuu watatu walikuwa wakisoma.

Watu wa bara hawajui sana jinsi pwani inavyokula motokaa. Wakati wa kusi upepo hutoka baharini moja kwa moja, umebeba chumvi, nao huingia kila mahali. Chumvi ile hukaa juu ya kofia ya distributa na juu ya waya za plagi, na mvua za masika zinapokuja, unyevu na chumvi vikachanganyika, huwa njia ya umeme. Cheche iliyokusudiwa kwenda silinda moja hupita nje ya kofia ikaenda kwa jirani yake. Usiku, ukifungua mlango wa injini gizani, unaweza kuona vimwali vya buluu vikitambaa juu ya waya kama vimulimuli. Kitu hicho kizuri kwa macho ndicho kinachokula plagi na petroli yako. Zaidi ya hayo, waya mbili zilizofungwa pamoja kwa urefu mkubwa, nazo ni za silinda zinazofuatana kwa zamu, moja huweza kuamsha cheche katika nyingine hata kama kavu. Zifaa kutenganishwa.

Basi masika yale Kombi ilizimika kivukoni kwa unyevu. Kijana wa gereji moja aliitwa, akanunua kofia mpya na waya mpya. Hayo yalikuwa sawa, maana za zamani zilikuwa zimepasuka. Lakini alizing'oa waya zote nne kwa mara moja, pasipo kuandika wala kutia alama. Marehemu alikuwa ameandika namba kwa rangi nyeupe kando ya kila plagi, moja mpaka nne, kwa mkono wake mzuri. Kijana akaziona namba hizo akafurahi, akapanga waya kama anavyopanga za HiAce: moja, tatu, nne, mbili. Namba zilikuwapo. Zamu haikuwapo.

Gari likawaka kwa shida. Likawa linapiga chafya mbele, katika kabureta, na kulipuka nyuma, katika ekzosi, hata mbwa wakakimbia. Likashindwa kupanda kilima chepesi. Kijana akasema valvu zimeungua. Fundi wa pili, wa gereji nyingine, akasema ringi zimekwisha, injini imekufa, tafuteni nyingine. Injini ya Kombi si kitu cha kuokota njiani siku hizi. Ikakaa chini ya mkorosho, kuku wakalala ndani yake, na mjukuu mkubwa akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mwishowe akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akataja bei kwa kilo.

Mimi nikaitwa Jumamosi moja niandike hati ya mauziano, maana katika jamaa ye yote aliye karani huandika hati za wote. Nikafika, nikamwamkia shangazi, akaitika, akaniwekea kiti. Nikaiona bei ile. Haikutosha karo ya muhula mmoja wa mtoto mmoja. Nikamwambia, "Shangazi, hati nitaiandika, kalamu ninayo. Lakini waliomtazama mgonjwa ni wawili, na wote ni watu wa HiAce. Niruhusu nimlete mzee mmoja wa Mtongwe aliyefanya kazi na magari haya zamani."

Akasema, "Mwanangu, fedha ya kumlipa sina."

Nikamwambia hilo aniachie mimi. Mnunuzi hakupendezwa, lakini alikubali kungoja mpaka Jumatatu.

Mzee alikuja Jumapili alasiri akiwa na mfuko mdogo: spana ya plagi, bisibisi, na kitambaa. Hakuuliza mafundi walisema nini. Alizitoa plagi zote nne akazipanga juu ya ubao kwa mpango wa silinda zake. Zile mbili za kulia zilikuwa kavu, rangi ya udongo. Zile mbili za kushoto zilikuwa nyeusi na mbichi kwa petroli. Akatikisa kichwa. Kisha akaweka dole gumba juu ya tundu la kila plagi, akaniambia niizungushe injini polepole kwa spana kwenye puli. Kila tundu lilikisukuma kidole chake kwa nguvu, hata likatoa sauti kama kizibo.

"Mwanangu," akasema, "valvu zilizoungua hazisukumi hivi. Ringi zilizokwisha hazisukumi hivi. Gari hili limelala upande mmoja kama mtu aliyeota ndoto mbaya."

Akanionyesha kwa kidole. Ukipanga 1-3-4-2 katika Kombi, badala ya 1-4-3-2, silinda ya kwanza na ya pili hupata moto kwa wakati wake, nazo ni za kulia. Ya tatu na ya nne hubadilishana, nazo ni za kushoto. Ya tatu hupata cheche nusu mzunguko kabla ya wakati wake, wakati mlango wa kuvutia hewa ungali wazi, basi moto hurudi nyuma mpaka katika kabureta. Ndiyo chafya ile. Ya nne hupata cheche nusu mzunguko baada ya wakati wake, mlango wa moshi umekwisha kufunguka, basi petroli huwakia katika ekzosi. Ndiyo mlipuko ule. Dalili zote mbili zilikuwa zimesemwa wazi na injini yenyewe tangu siku ya kwanza. Akaongeza jambo ambalo lilinitisha: kabureta inayopigwa na moto kila wakati, na mipira ya petroli iliyozeeka kando yake, ndivyo Kombi nyingi zilivyoteketea. Nikawafikiria wale wajukuu ambao kwa wiki mbili walikuwa wamepelekwa shuleni ndani yake ikipiga chafya vile.

Akasafisha plagi, akafuta ukingo wa distributa mpaka mkato ukaonekana, akaizungusha injini mpaka rota ikaelekea pale, akahakikisha kwa dole gumba kwamba ni silinda ya kwanza inayokandamiza. Kisha akabadilishana waya mbili tu. Mbili! Kijana wa shangazi akapiga stata, Kombi ikavuma. Kuku wakaruka nje. Shangazi hakusema neno. Alikwenda jikoni akarudi na chai na mahamri, na mzee akala mahamri matano.

Mnunuzi alipokuja Jumatatu alikuta gari limekwenda sokoni na samaki.

Kabla mzee hajaondoka nilimwomba anieleze tena pole pole, nami nikaandika katika karatasi kama ninavyoandika jalada: mahali pa kila silinda, zamu zake, upande rota inakozunguka. Karatasi ile tuliiweka katika mfuko wa plastiki, tukaibandika ndani ya mlango wa injini. Mzee alitaka niongeze neno moja, nami nikaliongeza kwa herufi kubwa: kubadilisha waya ni moja moja, ya zamani itoke na mpya iingie mahali pake, ndipo uiguse ya pili. Aliniambia pia kwamba katika Kombi za kabla ya miaka ya 1970 silinda ya tatu yapasa kuangaliwa kuliko nyingine, kwa sababu chombo cha kupozea oili kilikaa katika njia ya upepo wake, nayo ikawa inapata joto zaidi. Waliozitengeneza walijua hivyo, hata wakachelewesha cheche yake kidogo katika distributa.

Nimewasimulia watu kadhaa habari hii, na wengine hunijibu kwamba ni mambo ya kale, kwamba magari ya sasa hayana distributa wala waya za kuchanganya. Ni kweli nusu. Dizeli haikuwa nazo tangu mwanzo, lakini ina mabomba yanayotoka katika pampu kwenda kila nozeli, na mabomba hayo hufuata zamu zile zile. Ukiyachanganya utapata moshi na mgongano wa kutisha. HiAce za petroli za tangu 2004 zina koili moja juu ya kila plagi, na kompyuta ndiyo inayogawa moto. Zamu bado ni 1-3-4-2, ila imefichwa.

Lakini kompyuta nayo husema kwa namba. Mwezi uliopita nilikuwa katika matatu iliyoanza kukosa nguvu karibu na Ng'ombeni. Dereva akaiingiza gereji ya kando ya barabara, kijana akachomeka kile chombo cha kupimia, na kioo kikaandika P0303. Maana yake ni kwamba silinda ya tatu inakosa moto. Yule kijana akachukua spana yake, akasimama mbele ya injini, akatazama zile koili nne, akamwuliza dereva, "Ya tatu ni ipi hapa?"

Dereva hakujua. Abiria mmoja akasema ni ya katikati. Nikashuka, nikamwonyesha mahali pa feni, tukahesabu pamoja kutoka hapo: moja, mbili, tatu. Akaitoa koili ile akaibadilisha na ya jirani ili aone kama kosa litahama nayo. Likahama, chombo kikaandika P0302. Koili ndiyo iliyokuwa mbovu, na tukafika Ukunda kabla ya saa sita.